Mtoto Asome, Mzazi Aulize

Likizo ndefu ya shule za Malawi haiji wakati wa jua kali, kama ilivyo desturi ya Ulaya na Marekani. Kwetu sisi huangukia mwishoni mwa mwezi wa Julai, kipupwe kingali kikivuma juu ya nyanda za Dowa na Lilongwe, na huendelea hata Septemba, joto linapoanza kupanda na kengele ya mwaka mpya wa masomo ikapigwa. Katika muda huo mtoto hukabidhiwa ripoti yake, vitabu vya kusomea hurejeshwa katika kabati la shule na kufuli likatiwa, na mzazi, ambaye aghalabu ana mashaka mengine ya kumshughulisha, huridhika kwamba mwalimu amekwenda mapumzikoni na elimu imekwenda pamoja naye. Nia ya makala haya ni kuipinga ridhaa hiyo. Nadai kwamba kinachompotea mtoto kwa hatari zaidi katika likizo ni uwezo wa kuyafahamu aliyoyasoma, ambao hupotea kimyakimya hali ulimi wake ungali ukitamka vizuri. Na nadai, fauka ya hayo, kwamba mlinzi wa ufahamu huo anaweza kuwa mzazi yeyote mwenye masikio na subira, hata asiyejua neno moja la lugha ya kitabu anachokisoma mwanawe.

Suala la likizo na usahaulifu wa wanafunzi si geni duniani. Katika Marekani, Barbara Heyns aliwachunguza watoto wa mji wa Atlanta na kutoa kitabu chake mwaka 1978. Baada yake Karl Alexander na Doris Entwisle waliwafuata kwa miaka mingi watoto wa Baltimore walioanza darasa la kwanza mwaka 1982, na hukumu zao zikakaribiana: kwamba watoto wa maskini na watoto wa wenye nafasi hupiga hatua zisizotofautiana sana wakiwa shuleni, ilhali shule ikifungwa, hawa wa pili huendelea na wale wa kwanza hukwama au hurudi nyuma. Wako wanazuoni wa baadaye, akiwamo Paul von Hippel, walioitilia shaka mizani iliyotumika kuipima hasara hiyo. Lakini Malawi haina haja ya kungoja mjadala huo umalizike, kwa kuwa inao ushahidi wake. Mwaka 2017 Timothy Slade, Benjamin Piper na wenzao walichapisha uchunguzi uliotumia vipimo vya kusoma vya wanafunzi wa madarasa ya chini wa nchi hii, wakiuliza kama hasara ya likizo ni jambo la mataifa tajiri tu. Wakakuta kwamba watoto wa Malawi nao, wanapovuka kutoka darasa moja hadi jingine, hupoteza sehemu ya walichokwisha kukipata. Na hasara hiyo huwaangukia watu wasio na akiba, maana Benki ya Dunia na washirika wake walikadiria mwaka 2022 kwamba katika Afrika iliyo kusini ya Sahara watoto 89 katika kila 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma habari nyepesi na kuielewa.

Kuelewa ndiko kunakohitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiko kusikoonekana kwa macho wala kusikika kwa masikio. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa hesabu ambayo mwalimu yeyote aweza kuikumbuka: ufahamu wa msomaji ni zao la mambo mawili yanayozidishana, yaani uwezo wa kuzigeuza herufi kuwa sauti, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa, na kwa kuwa hesabu hiyo ni ya kuzidisha wala si ya kujumlisha, moja likiwa sufuri, jibu lote ni sufuri. Kiswahili na Chichewa zote mbili huandikwa kwa hati iliyonyooka, hata mtoto akiisha kuzijua silabi zake aweza kutamka ukurasa wowote utakaowekwa mbele yake, na kwa ufasaha huo akamhadaa mzazi, akamhadaa mwalimu, na mwisho akajihadaa mwenyewe. Nani miongoni mwetu aliyepitia chuoni asiyejua kwamba mtoto anaweza kuhitimu msahafu mzima kwa sauti tamu na matamshi safi bila kujua maana ya aya moja? Chuoni jambo hilo lina sababu yake na thawabu yake, na maana huja baadaye kwa mwenye kuitafuta. Shuleni halina thawabu yoyote, kwa kuwa mtihani wa kumaliza darasa la 8 haumwulizi mtoto sauti yake.

Mtazame mtoto wa darasa la 5 aketiye kizingitini katika mtaa wa Katubza, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, akisoma habari fupi ya Kiingereza juu ya mkulima aliyemwuza mbuzi wake kwa kuwa mvua zilikawia. Aisoma bila kugugumia, na mama yake, atwangaye sombe kinuni, humsikiliza kwa fahari, maana Kiingereza hakijui, na hapana kitu kimfurahishacho kama kukisikia kinywani mwa mwanawe. Mwulize mtoto huyo kwa Kiingereza kwa nini mkulima alimwuza mbuzi, utamwona akirudisha kidole juu ya ukurasa, akiutafuta mstari wenye neno mbuzi, kisha akakusomea mstari huo tena kama ulivyo. Ndivyo alivyozoea darasani, na mara nyingi hupewa alama kwa kufanya hivyo. Sasa na akifunge kitabu, na mama amwulize kwa Kiswahili chao cha Kivu, mashariki ya Kongo: "Juu ya nini mzee aliuzisha mbuzi?" Mtoto atanyamaza kwanza, kisha atasema, "Juu mvua ilikosa, mama." "Sasa, papa, mvua na mbuzi ni wapi na wapi?" Hapo mtoto hana mstari wa kuukimbilia. Yampasa afikiri kwamba mvua ikikosa mahindi hukauka, mahindi yakikauka unga hununuliwa, na unga haununuliwi pasipo fedha. Na yote hayo anayajua sana, kwa kuwa nyumbani kwao yameonekana mara nyingi, ila hakuna aliyemwambia kwamba maarifa yale ya nyumbani ndiyo yatakiwayo kuingizwa katika kitabu ili kitabu kisemeke. Mama huyo, asiyejua Kiingereza, amemsomesha mwanawe Kiingereza kuliko saa nzima ya kukariri.

Nimeanza na Dzaleka kwa kuwa hapana mahali ambapo jambo hili ni gumu zaidi wala lenye manufaa zaidi. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, chini ya kilomita 50 kaskazini ya Lilongwe, penye gereza la zamani ambamo utawala wa Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa nchi hii, uliwafungia, pamoja na wengine, wapinzani wake wa siasa. Leo katika ardhi iliyokuwa ya gereza wanaishi watu zaidi ya 50,000, ambapo palikusudiwa watu wasiozidi 12,000 hivi: wengi wao ni wa Kongo, wakifuatwa na Warundi na Wanyarwanda, na wachache wa Ethiopia na Somalia. Kiswahili ndicho kiwaunganishacho sokoni, kanisani na msikitini. Ndani ya nyumba mtoto husikia Kibembe, au Kifulero, au Kirundi, au Kinyarwanda. Shuleni husomeshwa kwa Chichewa na Kiingereza. Na ndugu zake wakubwa, waliovuka mpaka wakiwa tayari wanafunzi, walianza elimu yao kwa Kifaransa. Basi mtoto mmoja amebeba lugha nne, na mtihani utakaomhukumu haujali ila ile aliyo dhaifu zaidi kwayo.

Tena likizo ya Julai si pengo la pekee katika masomo yake. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikuanza kufunguliwa ila mwezi wa Septemba. Januari 2023 kipindupindu kilichelewesha kufunguliwa kwa shule za Lilongwe na Blantyre. Na mwaka huo huo serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka, na kuanzia mwezi wa Mei askari wakaanza kuwakusanya kwa nguvu katika Lilongwe, wako watoto waliotolewa kati ya masomo yao wasijue watakaa wapi wala watasoma wapi. Sitaki kuingia hapa katika uhalali wa amri hiyo, ambayo imekwisha kujadiliwa na watu wa sheria. Lililo muhimu kwa muradi wetu ni kwamba mtoto wa namna hii hawezi kuutegemea mwaka wa shule peke yake uwe mlinzi wa ufahamu wake, kwa kuwa mwaka wenyewe unakatika. Sharti iwepo taratibu nyingine, ndogo na imara, isiyofungwa na kufuli la mtu wala kuvunjwa na amri ya mtu.

Taratibu hiyo ni masimulizi na maswali, nayo ilikuwapo kwetu kabla ya shule. Wazee waliotega vitendawili usiku, na mabibi waliosimulia habari za sungura na fisi, hawakuwa wakiwachekesha watoto tu. Walikuwa wakiwazoeza kushika mwanzo wa habari hata mwisho wake, kumtambua mwongo kwa matendo yake kabla hajaitwa mwongo, na kutafuta maana iliyojificha nyuma ya maneno. Mtoto wa Kichewa aliyelelewa kwa ngano za Kalulu, yaani sungura wa Kichewa, amepitia mafunzo hayo hayo, na watoto wetu wakicheza naye huzisikia na kuzichanganya na za kwao bila taabu. Kilichopungua ni daraja kati ya ngano na kitabu. Mzazi humsimulia mtoto ngano akamwuliza maswali, lakini mtoto akishika kitabu, mzazi hunyamaza kwa heshima, kana kwamba kitabu ni mgeni mkubwa asiyehojiwa.

Na ahojiwe. Mtoto akiisha kusoma, na afunge kitabu na kusimulia alichokisoma kwa lugha ya nyumbani, tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha mzazi aulize maswali ya namna tatu, wala hayahitaji shahada yoyote: la kwanza, nani alifanya nini, ili ijulikane kama habari imeshikwa, la pili, kwa nini alifanya hivyo, ili mtoto aunganishe sababu na tokeo, la tatu, lau ungekuwa wewe ungefanyaje, au lau mvua ingenyesha siku ile mambo yangekuwaje, ili mtoto aitoke habari na kuitazama kwa mbali. Kwa wale wakubwa kidogo, mzazi aweza kumsimamisha katikati ya hadithi na kumtaka abashiri kitakachofuata, kisha wakasoma pamoja waone nani amepata. Na mtoto akisema kitu kisichoeleweka, mzazi asiogope kusema, "Sijaelewa, nieleze tena," kwa kuwa aliyesoma bila kuelewa hawezi kumwelewesha mwingine, na hapo kosa hujitokeza lenyewe, bila mzazi kulazimika kukijua Kiingereza wala Chichewa.

Wala vitabu si vyombo pekee vya kazi hii. Nyumba ya Dzaleka au ya Lilongwe, hata iliyo fukara, haikosi karatasi zenye maana nzito: tangazo la siku ya mgao lililobandikwa ukutani, kadi ya kliniki ya mtoto mchanga, bahasha ya dawa iliyoandikwa mbili mara tatu, ujumbe wa simu uliotoka kwa shangazi aliye Uvira, risiti ya dukani. Desturi yetu ni kumwita mtoto asome karatasi hiyo, kisha mtu mzima akaichukua na kuamua. Afadhali mtoto aisome, aieleze, na aulizwe: mbili mara tatu maana yake ni vidonge vingapi kutwa? Mgao ukiwa Jumatano na jina letu liko katika kundi la pili, twende saa ngapi? Shangazi anasema watafika baada ya mavuno. Je, anamaanisha mwezi gani? Hapo ufahamu una faida ya papo kwa papo, na kosa lina hasara inayoonekana, jambo ambalo kitabu cha shule hakiwezi kulitoa kwa urahisi. Mtoto anayeaminiwa kuisoma bahasha ya dawa ya nyanya yake hujifunza kwamba kusoma ni amana.

Huko Lilongwe, ambako wako wenzetu wenye nafasi kidogo, na ambako watoto wengi wa tabaka la kati husoma katika shule za kulipia, tatizo lina sura nyingine. Vitabu huweza kupatikana: Maktaba ya Taifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, ina tawi lake mjini, na vitabu vya mitumba huuzwa barazani. Mtoto huko hukosa mtu wa kuzungumza naye juu ya alichokisoma. Mzazi humnunulia kitabu, au humpeleka tuisheni ya likizo ambako hufanyishwa tena yale yale ya muhula uliopita, kisha huiona faradhi yake imekwisha. Jioni kila mmoja ana simu yake. Matokeo ni mtoto asomaye Kiingereza upesi kuliko wa Dzaleka, lakini asiyeweza kukueleza kwa dakika mbili kitabu alichokimaliza jana kilihusu nini. Mwenye kabati la vitabu na asiye na kitabu hata kimoja wamefikishwa mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, na dawa yao ni ile ile.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi ya rai hii. Wako watakaosema kwamba mtoto aachwe apumzike, na wengine, kwa haki zaidi, watasema kwamba mtoto wa Dzaleka hana mapumziko, maana likizo ndiyo msimu wake wa kuchota maji, kuuza mandazi na kumfuata baba kwenye ganyu, yaani vibarua, katika mashamba ya jirani. Hoja hiyo naikubali nusu. Sidai saa mbili za masomo kila siku. Nadai mazungumzo, na mazungumzo yana miguu, yaweza kwenda hata bombani na kurudi, ndoo ikiwa kichwani. Wengine watasema kwamba Kiswahili hakimo katika mtihani, basi kumtaka mtoto asimulie kwa Kiswahili ni kupoteza wakati. Hao wanasahau lililofafanuliwa na Jim Cummins tangu mwaka 1979, kwamba akili iliyozoea kupanga hoja, kutafuta sababu na kupima ushahidi katika lugha moja huubeba uwezo huo ikavuka nao kwenda lugha ya pili, mradi mtoto apate pia nafasi ya kutosha ya kujifunza hiyo ya pili. Tena Kiswahili si lugha ya wageni wapitao: Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambamo Malawi ni mwanachama, ilikikubali kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2019.

Hoja nzito kuliko zote ni ya uhaba wa vitabu, na hapa lawama haiwezi kuachwa juu ya wazazi peke yao. Richard Allington na Anne McGill-Franzen walionyesha katika Florida kwamba watoto wa nyumba za kimaskini, wakipewa vitabu walivyovichagua wenyewe kabla ya likizo, na jambo hilo likirudiwa kwa likizo tatu mfululizo, husoma vizuri kuliko wenzao wasiopewa. Na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010. Basi kuna haja gani vitabu vya shule zetu kulala kabatini majuma yote ya likizo, visichakae wala visifundishe? Mwalimu mkuu atajibu kwamba vikitoka havitarudi, na atakuwa amesema kweli kwa sehemu, kwa kuwa vingine vitapotea, vingine vitararuka, na kimoja au viwili vitaonekana vikifungia karanga sokoni. Lakini daftari la kuazima, jina la mzazi, na siku moja katika kila juma ya kubadilishana vitabu chini ya mti wa shule ni gharama ndogo ikilinganishwa na kuwafundisha upya Oktoba wale waliofahamu Julai. Mwenye simu apate pia kuelekezwa kwenye hadithi za bure za African Storybook, zilizomo kwa Kiswahili na kwa Chinyanja, ambacho ndicho Chichewa; pakuo moja lililofanywa na mwalimu laweza kusambazwa kwa simu nyingi bila kila mmoja kununua bando. Na redio ya kambini, Yetu, yaweza kufanya kwa sauti kile ambacho kitabu hakiwezi kufanya kwa wingi: isome hadithi nusu jioni, iulize swali moja, na mwisho wa hadithi utolewe kesho yake baada ya watoto kupiga simu na kusema wanavyodhani.

Hayo ya shule na ya redio yatahitaji vikao, ruhusa na subira. La mzazi halihitaji kikao. Kwa mama wa Katubza, kwa baba wa Lisungwi huko huko kambini, kwa nyanya aliyepoteza miwani yake njiani kutoka Kongo, na kwa mwenye gari wa Lilongwe aendaye kazini Kanengo kila asubuhi, faradhi ni moja: mtoto asome chochote kilichopo, akisimulie kwa lugha ya nyumbani, na aulizwe kwa nini. Shule zikifunguliwa Septemba, mwalimu atasimama mbele ya darasa lililojaa na kuuliza swali la kwanza la mwaka. Haki ya mtoto ni kwamba lisiwe swali la kwanza aliloulizwa tangu Julai.